Krismasi ya Bi Dorothy na Kipaza Sauti Changu

Jumanne, 15 Desemba 2015

Imethibitishwa! Jumamosi hii televisheni ya umma itaonyesha kipindi maalum cha Krismasi cha Nyumba ya Wapangaji, kile kichekesho cha Waingereza ambacho mimi, Liberati, nawafasiria watu kila Jumamosi katika ukumbi wa chini ya kanisa letu, hapa West Side, Buffalo, Amerika. Nimeshindwa kula. Baadaye nimekula, lakini kwa haraka.

Kiingereza cha Waingereza sikielewi. Naandika wazi, maana hapa hasomi mtu. Cha msimamizi wangu kiwandani nakielewa akinyoosha kidole. Lakini kule Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nilifasiri filamu za Kichina miaka mingi, na hakuna Mchina aliyelalamika. Sauti ya televisheni naizima, nashika kipaza sauti, natazama nyuso. Uso wa mtu unasema kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba Bi Dorothy mwenye nyumba, na Bwana Clive, mpangaji anayetengeneza saa, ni dada na kaka waliopotezana vitani na bado hawajatambuana. Tangu kiangazi ukumbi mzima unangoja watambuane. Akina mama wanawaombea.

Sasa nina adui. Anaitwa Ombati, Mkenya, anasoma chuo kikuu kule Amherst, ana gari na skafu. Mwezi uliopita aliwapa akina mama lifti kutoka dukani, akakaribishwa chai, akatazama nasi. Nilikuwa nimefika pale Clive anaposimulia jinsi mama yao alivyofia njiani. Watu wanafuta machozi. Ombati akacheka, peke yake. Mama Cibalonza, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, akamuuliza anacheka nini. Akajibu kwa adabu kwamba actually pale Clive alikuwa anaongea juu ya soseji.

Soseji! Tangu siku hiyo Mama Cibalonza ananitazama vingine. Leo ametangaza kwamba baada ya kipindi cha Krismasi watazamaji watatoa maoni yao, na kwa maoni hayo kamati itaamua kipaza sauti kishikwe na nani mwaka mpya. Mimi au Mkenya.

Kiwandani naweka vifuniko kwenye vikopo vya mtindi. Mashine zinapiga kelele kutwa, hakuna anayenisikia wala anayetaka kunisikia. Jumamosi nikikohoa tu, ukumbi unanyamaza. Kipaza sauti hicho sikiachii.

Alhamisi, 17 Desemba

Mipango imekamilika. Nina furaha hata usingizi hauji.

Wa kwanza ni theluji. Mwaka huu haijaanguka bado, hata Waamerika wanashangaa. Ikianguka kwa wingi, gari la Ombati halitoki Amherst. Nimefunga na kuomba. Nadhani mimi ni Mkongomani wa kwanza kuomba theluji.

Wa pili ni maoni yenyewe. Rafiki yangu Birindwa, anayefanya kazi ghalani, amekubali kusimama wa kwanza, kwa sahani ya sambusa. Nimemfundisha la kusema: kwamba amelia, kwamba mwisho umemgusa, kwamba tafsiri ilikuwa safi. Amekariri yote. Nilimuuliza kama anakumbuka wakati wa kusimama. Akasema nisimtie wasiwasi.

Wa tatu ni binamu yangu Mugisho, kule Louisville. Atakusanya watu wa mtaa wake, Shively, sebuleni kwake, nitaacha simu wazi, watanisikiliza na watatoa maoni kama watazamaji wengine. Televisheni yake imeharibika, lakini hilo si tatizo. Sauti yangu inatosha.

Jumamosi, 19 Desemba

Theluji! Imeanza jana. Ni kidogo, lakini ni yenyewe. Mungu amesikia.

Na tangazo la kipindi nimeliona asubuhi. Bi Dorothy analia, Bwana Clive amepiga goti mbele yake. Leo wanatambuana! Anamwomba dada yake msamaha kwa kuchelewa. Nimefanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo cha bafuni, nimepata sauti nzuri sana, ya chini chini. Natoka sasa hivi, shati nimelipiga pasi mara mbili.

Jumapili, 20 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Theluji haikumzuia Ombati. Alifika wa kwanza na koleo lake, akawasafishia akina mama ngazi za kanisa, wakamshukuru na kumpa kiti cha mbele. Kwa theluji niliyoiomba mimi.

Kisha Birindwa. Kipindi kilikuwa hakijaanza. Mama mmoja wa televisheni alikuwa bado anawaomba watazamaji michango ya kuendesha kituo. Birindwa akasimama, akafuta macho, akasema amelia sana, mwisho umemgusa, tafsiri ilikuwa safi. Akakaa, akaomba sambusa zake.

Lakini nilipoanza, nilikuwa moto! Nilifasiri mti wa Krismasi, nikafasiri bata mzinga akiungua, hata mbwa nilimpa maneno. Clive akapiga goti. Nikaachia yote. Dada yangu, damu yangu, nimekutafuta Uvira, nimekutafuta Kigoma, kumbe ulikuwa unanipikia chai kila asubuhi! Vigelegele vikajaa ukumbi. Kwenye simu nikasikia Shively nzima inalia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nifike nchi hii.

Clive akatoa pete. Nikasema ni pete ya marehemu mama yao. Ikapita. Wakaenda kanisani, Bi Dorothy amevaa gauni jeupe. Nikasema ni ibada ya shukrani. Ikapita, lakini kwa shida. Mchungaji akasema maneno, wakageukiana, na Clive akambusu. Mdomoni. Nikasema hivyo ndivyo ndugu wa Kiingereza wanavyosalimiana. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wakaendelea kubusiana. Nikasema walipotezana muda mrefu.

Ukaja wakati wa maoni. Birindwa alisema yeye ameshatoa. Mzee mmoja alisema Ulaya imekwisha. Mama wa kwaya alisema amewaombea watu hawa tangu Agosti na sasa hajui amwambie nini Mungu. Shively walisema ni filamu nzuri kuliko zote walizowahi kusikia. Kisha akaombwa Ombati. Akasimama taratibu, akasema kwamba, with due respect kwa mzee Liberati, wale wawili hawajawahi kuwa ndugu. Wamependana tangu siku Clive alipopanga chumba, na vita havikutajwa hata mara moja.

Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Niliogopa kuliko siku ya mahojiano ya kuja Amerika.

Akasimama Mama Cibalonza. Yeye alipotezana na kaka yake njiani wakati wa vita, na mpaka leo hajasikia habari zake. Akasema: "Bon, papa Liberati. Siye tulijuaka tangu zamani kama Kingereza haukisikie. Watoto yetu walitwambiaka. Lakini mie nilipenda yule dada aone kaka yake. Donc ni ile nilikuwa nakuya kusikiliza."

Akamgeukia Ombati, akamwambia kwamba yeye anafasiri vizuri, mwanangu, lakini soseji wanaziona wenyewe.

Kamati ilijadiliana kwenye meza ya chai kwa muda mfupi tu. Kipaza sauti kinabaki kwangu, kwa sharti moja. Pale nisipoelewa, niseme wazi kwamba sielewi, kisha niendelee na hadithi yangu. Nililia, wala haikuwa ile sauti ya bafuni, ilikuwa sauti mbaya sana. Niliahidi mbele ya wote, na Shively wakiwa mashahidi.

Ombati alinipa mkono na kunirudisha nyumbani. Gari lake lina joto zuri, lazima nikubali.

Jumapili, 3 Januari 2016

Mwaka mpya, na kipaza sauti kiko mkononi! Leo timu ya Buffalo inacheza ule mpira wao wa kofia ngumu, na ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi. Hata wanaume waliokuwa wanatukwepa Jumamosi wamekuja. Naandika haraka, ni mapumziko.

Kabla ya kuanza Mama Cibalonza alinikumbusha sharti, kisha akaniuliza polepole kama mchezo huu naujua. Ombati akasema anaweza kunieleza kanuni zake hapo hapo, haitachukua muda. Nilimshukuru sana nikamwambia chai inapoa.

Sharti nimelishika kwa moyo wote. Tangu mwanzo nimetafuta pahali pa kusema sielewi, sijapaona. Mambo yako wazi kabisa. Wanagombania mahari. Yule mwenye fulana ya mistari na filimbi ni baba mkwe, na ndiyo sababu kila akitupa chini kile kitambaa cha njano, harusi inasimama.