Rangi ya Kucha Kwenye Jino

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amekuja kumsalimia dada yake. Nimekunywa maji ya friji mbele yake. Jino la juu, upande wa kushoto, limepigwa shoti hadi utosini. Nimeruka kitini. Nikasema nimekumbuka sijafunga duka. Mke wangu akanikumbusha kwamba funguo ninazo mkononi. Anataka niende kwa daktari wa meno. Sitaki. Sindano na mimi hatuivi.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji anajigamba kwamba lake lilipakwa kitu kama rangi, likamulikwa taa, maumivu yakaisha. Rangi? Mimi nauza rangi mwaka wa kumi na tano! Za dukani zinanuka mno, lakini mke wangu ana ile ya kucha, ya kung'aa tu. Nimepaka mara mbili.

Mdomo wa juu umegandia jino. Nimehudumia wateja nikiwa nimekenua. Fundi seremala akauliza kama nimepata mjukuu.

Jumatano, 5 Machi
Rangi imebanduka kwenye uji. Jino bado. Mke wangu anatafuta kichupa chake. Nimemsaidia kutafuta, kwa bidii.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kaniomba nimsindikize kliniki, eti yeye ndiye anayeumwa. Tulipoitwa, akanisukuma mimi ndani. Daktari, binti mdogo kabisa, akakwangua mabaki, akauliza ni nini hiki. Mke wangu akajibu, "Ni changu hicho, daktari. Nilijua toka juzi."

Kumbe fizi imepanda, mzizi uko wazi, kwa sababu nasugua meno kama sufuria lililoungua. Akakausha jino, akapaka gundi yao maalumu kuuziba mzizi, akaikausha kwa taa ya bluu. Sindano haikuwepo. Hata hivyo mke wangu alinishika mkono mwanzo hadi mwisho, nami sikuuachia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekunywa maji baridi. Kimya. Nikanywa tena. Mke wangu akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema sasa nyumba itapumua. Nimemnunulia kichupa kipya. Chekundu. Kaniambia nisikiguse.

Jumapili, 9 Machi
Goti linalia ngazini, kwii, kwii, kama mlango wa stoo. Mke wangu anasema tumwone daktari. Kwa goti tu? Grisi ya bawaba ninayo dukani, tena ile nzuri. Nimepaka kidogo, nikajilaza.

Anauliza nani kachafua shuka.