Nyumba Yetu ya Port Hughes Sasa Ni Duka la Chambo

Kwa Bi. Papadakis, Mkaguzi wa Mfuko wetu,

Natumai hujambo, na jamaa wote wa ofisini hawajambo. Nakuandikia kwa heshima zote, ila nimekereka. Umekataa nyumba yetu ya ufukweni isiingie kwenye mfuko wa uzeeni tunaousimamia wenyewe, mimi na mke wangu Glenys. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema tukiuuzia mfuko mali yetu wenyewe, bei iwe ya soko. Nimetii. Nilikaa mezani nikapatana na mimi mwenyewe. Muuzaji alikaza, mnunuzi akatishia kuondoka, mwisho tukapeana mkono.

2. Ukasema nyumba ya kuishi hairuhusiwi, jengo la biashara tu ndilo linalopita. Haya, nikafungua duka la chambo. Sebule nzima ni majokofu ya ngisi. Bafuni kuna minyoo ya baharini, tena wazima, na kwa kuwa hiyo ni bidhaa, haogi mtu.

3. Ukaandika tena kwamba biashara ichukue jengo lote, asilale mtu humo. Nikauza vitanda. Glenys akauliza wajukuu watalala wapi Krismasi. Nikamweleza kwa upole kwamba mjukuu kulala bure ni kula mafao kabla ya wakati. Akauliza, na yeye je? Nikamwambia anakaribishwa saa za kazi, mradi anunue kitu. Akasema, "Clive, huo uzee unaouwekea nyumba, utazeeka na nani?" Nikamjibu kwamba swali hilo halimo kwenye sheria.

4. Sasa unadai uthibitisho wa wateja. Jamani, Bi. Papadakis, hata huruma huna? Mteja ninaye. Jirani yangu Trevor alinunua ngisi. Kwamba alimrudisha ni mambo ya kawaida ya biashara.

Kwa hiyo naomba ukubali mara moja kwamba hapa ni mahali pa biashara tupu, na hakuna binadamu anayeishi humu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule kijana wa mapokezi anayenikatia simu.

Mimi mtiifu wa sheria zenu zote,
Clive Tregenza

Nyongeza: Ukija kukagua, tafadhali usifike kabla ya saa tatu asubuhi, maana huwa bado nimelala, hapo sakafuni kati ya majokofu. Glenys amebadilisha kufuli la nyumba ya mjini, na sina pengine pa kwenda.