Fundi wa Nyuma ya Pazia

Mwenyezi Mungu humpangia kila kiumbe riziki yake, ila Gharib wa mtaa wa Kuze alikuwa na tabia ya kupitia riziki za wenzake kwanza. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na ulimi laini kuliko kanzu. Siku alipoitwa na Zakiya kumfungia kompyuta mpya ya kuhariri video za harusi, macho yake yaliona kitu kimoja tu: kadi ya picha, mpya, nzito, ya aina ambayo Elvis wa Tudor, mwenye ukumbi wa michezo ya video, alikuwa akiililia.

Gharib hakuiiba. Kuiba ni kazi ya wezi. Yeye alichomeka flashi yake akaingiza draiva mbovu, draiva ikiwa ni ile programu ndogo inayoiambia kadi ya picha la kufanya. Kwa draiva hiyo kompyuta huwa nzima mpaka ipewe kazi. Ikipewa kazi nzito, skrini inageuka buluu, mashine inajizima, na mwenyewe anamwita fundi. Fundi anatikisa kichwa kwa huzuni, anaibeba mashine dukani "kuilaza," na mashine inarudi na kadi kongwe iliyopanguswa vumbi. Laptopu zisizokuwa na kadi ya maana alizilaza kwa ada tu, kisha akazirudisha zikiwa zimepona nusu, ili ziugue tena. Nusu ya mtaa ilikuwa imeshapitiwa na flashi hiyo.

Mambo yalikwenda alivyopanga. Jumatano Zakiya alipiga simu akikaribia kulia. Alikuwa amerekodi kupamba, ile sherehe ya bibi harusi inayohudhuriwa na wanawake peke yao, na Ijumaa bibi harusi alikuwa anasafiri kwenda Maskati na filamu yake. Kila Zakiya akifika pale bibi harusi anapoingia ukumbini, kompyuta inazimika. Filamu isipokamilika, nani atamwita tena katika mji huu?

Gharib alifika mbio, akaketi sebuleni. "Assalaam alaykum! Nipe mashine niibebe."

"Waalaykumu salaam, kakangu. Uibebe wende nayo wapi?" Sauti ya Zakiya ilitoka nyuma ya pazia la chumbani. "Humu kwenye video mna wanawake wa mji mzima, vichwa wazi, wacheza. Na mamako yumo."

Hapo ndipo Gharib, aliyezaliwa na kulelewa Kuze, alipokumbuka kwamba video ya kupamba haionwi na mwanamume. Mashine ilipokuwa tupu angeweza kuibeba hadi Nairobi. Sasa ilikuwa na sitara ya mtaa mzima ndani yake, na hata laghai ana mama.

"Basi ni kadi imekufa," alisema upesi. "Ing'oe wewe, unipe kwa chini ya pazia. Nitakuletea nyingine."

"Nitakupa. Lakini kwanza tujaribu dawa zote. Wewe sema, mimi nifanye. Zikishindwa, kadi chukua."

Gharib alitabasamu. Dawa za uongo alikuwa nazo tele. Aliamuru waya uchomolewe na kupulizwa. Kompyuta ikazimika. Aliamuru mashine isogezwe dirishani ipate upepo. Ikazimika. Alikuwa keshanyoosha mkono chini ya pazia aliposikia kikohozi cha mtu mzima.

"Gharib mwanangu, ni mimi Mwanakuu wa mabuyu."

"Shikamoo, Bi Mwanakuu."

"Marahaba. Mwanangu Faiz ana ofisi kubwa, kompyuta zimejaa hata pa kupita hapana, na zote zazimika hivi hivi. Yuwatafuta fundi wa kudumu, wa mshahara. Nalikuja kukusikiza nimpe jina lako. Lakini naona hino yakushinda. Mpe kadi yake, Zakiya, ende zake."

Mkono wa Gharib ulirudi wenyewe. Mjanja huitambua tamaa ya mtu mwingine kutoka mbali. Ya kwake huiita maendeleo.

"Ngoja, Bi Mwanakuu! Nilikuwa napima tu." Alijisafisha koo, na kwa mara ya kwanza mwaka huo akasema kweli kuhusu kompyuta. "Kata intaneti, isije ikajiletea draiva yenyewe. Washa mashine katika hali ya usalama, ile inayowasha vitu vya lazima peke yake. Iondoe draiva ya picha, na uweke alama pale panapouliza kama mafaili yake nayo yafutwe. Washa upya. Sasa rudisha intaneti, ingia tovuti ya watengenezaji wenyewe, si kwengine, uchukue draiva yao."

"Polepole, fundi. Alama yenyewe niiweke wapi?"

Alieleza.

"Na yangu yaandika maneno mengine."

Alieleza tena, kwa upole wa mtu wa mshahara. Alikuwa keshaanza kuchagua kiti chake ofisini kwa Faiz, na hakuwa na nafasi ya kuhesabu sauti.

Kisha mlio wa kompyuta inayowaka ukasikika nyuma ya pazia. Ukafuata mwingine, na mwingine, na mwingine, mpaka Gharib akasimama. Ngoma ya kupamba ikaanza, bibi harusi akaingia ukumbini, vigelegele vikapanda, na safari hii havikukatika.

Wanawake walitoka mmoja mmoja, wamejitanda mabuibui vyema, kila mmoja na laptopu yake kifuani. Wa mbele alikuwa Swabaha, mwalimu wa madrasa, ambaye mashine yake Gharib alikuwa ameilaza mwezi mzima. Wote walimsalimu kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma.

"Zote zilianza kuzimika baada ya mkono wako," Zakiya alisema. "Wenzangu walilalamika siku ya kupamba; yangu nayo ilipozimika, tukalinganisha. Dawa hatukuijua, lakini tulimjua anayeijua."

Gharib alimgeukia Bi Mwanakuu. "Na ofisi ya Faiz?"

"Faiz mwanangu?" Bi Mwanakuu alishangaa. "Yuwauza mihogo ya kukaanga ufukweni Mama Ngina. Kompyuta hata kuizima hajui."

Hawakumpeleka polisi. Walimpa kahawa na kaimati, akanywa, kwa sababu kukataa kungekuwa kukosa heshima. Ijumaa bibi harusi alisafiri na filamu yake, na Elvis, aliyeikosa kadi, akaacha kupokea simu za Gharib.

Wiki iliyofuata Gharib alipita kwa Bi Mwanakuu akakuta kibao kipya mlangoni: MABUYU, ACHARI NA TIBA YA KOMPYUTA. Wateja walikuwa wamepanga foleni hadi kwa jirani, na wengi zamani walikuwa wateja wa Gharib.

"Ndoo hapa, mwanangu," Bi Mwanakuu alimwita, amevaa miwani, bisibisi mkononi. "Pana moja imenishinda. Ukiitengeza ntakupa pakiti ya mabuyu."

Gharib aliitazama foleni. Akayatazama mabuyu. Akavua viatu, akaingia kazini.