Namba Yangu kwenye Sanamu ya Maundu

Jumatatu, 3 Machi 2003
Hatimaye nimeenda kuiona. Machakos nzima imeshaiona. Mimi nilikuwa nagoma kwa sababu aliyeichonga ni Maundu. Iko katikati ya jengo la maduka la Abdilatif: mchezaji ngoma wa mbao, mrefu kuniliko. Saa sita kamili mota inanguruma, anarusha mguu, anageuza shingo. Watu wanapiga makofi. Kwa lipi! Mimi nachonga twiga, na twiga ana miguu minne.

Jioni Wavinya kaniambia babake anakuja Jumamosi kutoka Kola. Hapokei mbuzi wangu wa posa mpaka aone kazi ya mikono yangu. Kazi kubwa. Twiga nimeshamwonyesha, akauliza kama ni mbuzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Chamani kwetu kila mchongaji ana namba, na huiandika chini ya kazi yake. Maundu ni 212, mimi 87. Nimemwambia Mulwa, bawabu wa jengo, kwamba chama kimenituma kupaka sanamu mafuta. Msasa kidogo, wino kidogo. Niliona aibu. Ikapita.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekutana na Maundu. Nikamwambia mguu wa sanamu yake una kasoro. Akakubali! Eti mbao ilikuwa mbichi, ataubadilisha wiki ijayo. Fundi gani anajisema hivyo? Nimemdharau kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee Mbithi amefika na Wavinya. Nikamwinamisha asome namba, nikamtolea kadi yangu ya chama. Akanishika mkono, akaniita mwanangu. Nilikaribia kulia.

Saa sita. Mguu ukapanda, ukang'oka, ukatua katika duka la Gedi la vyombo. Sahani, birika, vikombe, vyote chini. Gedi akatoka mbio: "Nani alitengeneza hii kitu?"

Mzee Mbithi akanisukuma mbele kwa fahari. "Ni huyu kijana yangu! Angalia, namba yake iko hapo chini."

Jumapili, 9 Machi
Chama kimeamua namba 87 achonge mguu mpya na amtafutie Gedi vyombo vingine. Mzee karudi Kola. Amesema mbuzi wakae kwangu kwanza. Wavinya amelia, akanisihi nimwandikie babake ukweli wote, huenda akanisamehe. Nampenda Wavinya. Nimeandika. Nimekiri kwamba mimi nilichonga mwili tu. Mguu ulikuwa wa Maundu.