Malalamiko Dhidi ya Azimio la Kunifunga Mdomo Penye Mambo ya Mifugo

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Kikao cha Mashamba na Mifugo cha Familia.

Shangazi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Naitoa shikamoo hiyo nikiwa nimesimama wima kando ya meza, ingawa huwezi kuniona, kwa sababu jambo ninaloliandikia haliandikiki mtu akiwa ameketi. Naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya kikao chote cha Jumamosi, na atakayeisoma asiruke koma hata moja. Koma zangu zina kazi.

Kama ujuavyo, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Nyasi zimechipua hadi kizingitini, na kila mtu hapa nyumbani ameamka na mradi wake. Mama watoto anapanda mboga nyuma ya jiko. Shemeji yangu seremala anaezeka upya banda la ng'ombe. Mimi nami nilikuwa na mradi, nao ulikuwa hotuba. Ilikuwa imekamilika, ina utangulizi, kiini na tamati, na ilihusu mustakabali wa Kisirani, ng'ombe wetu pekee wa maziwa.

Ndipo kikao cha Jumapili iliyopita, nilipotoka kidogo kwenda kunawa mikono, kilipopitisha azimio kwamba "Bwana Hoja asisimame kusema juu ya mnyama yeyote, awe wa miguu minne au miwili, mpaka mvua zikatike." Niliporudi, mikono iliyopiga kura ilikuwa imekwisha kushushwa, na watu wote walikuwa wakitazama dari kana kwamba ndiyo kwanza wameiona.

Nimelichunguza azimio hilo kwa makini. Sikukatazwa kuandika. Basi, kwa unyenyekevu mkubwa, naorodhesha malalamiko yangu.

1. Nalalamika kwamba azimio hili limetungwa na watu wa nyumba moja dhidi ya mtu wa nyumba hiyohiyo. Mtoa hoja alikuwa mama watoto. Muungaji mkono alikuwa shemeji, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja. Undugu huo kikao hakikuuchunguza. Nimeambiwa pia kwamba hoja yenyewe haikuwa na maelezo yoyote. Mama watoto alisema tu, "Jamani, huyu akisimama, sisi tumekwisha," na watu wakainua mikono. Mimi hufundisha ufasaha wa lugha chuoni. Nimehutubia mahafali, harusi na mazishi, na katika mazishi mawili wafiwa wenyewe waliniomba niendelee. Sijawahi kushindwa na sentensi yenye maneno matano.

2. Nalalamika kwamba bado nahukumiwa kwa sungura. Nilichosema msimu ule ni kwamba sungura huzaana upesi. Hiyo ni elimu, na haijabadilika. Sikusema kwamba sungura wale wawili wangezaana. Waliishi kwa upendo wa kindugu katika kibanda kizuri alichowajengea shemeji, na upendo ule ulikuwa wa kindugu kwa sababu walikuwa madume wawili. Bwana mifugo alipokuja aliwainua mmoja baada ya mwingine, akawarudisha taratibu, akaniambia, "Mwalimu, hawa hata ukiwasomea mashairi, hakuna kitu." Kikao kizima kilicheka. Naomba ikumbukwe kwamba kikao kizima pia kiliunga mkono ununuzi wao, na kwamba wewe, Shangazi, nasema kwa heshima zote, uliinua mikono miwili.

3. Nalalamika kuhusu bwawa la samaki. Ni kweli kwamba shemeji alisema mapema, "Udongo huu wa mchanga, hautashika maji." Nilimjibu kwa hoja tatu na methali moja. Alifuta machozi, akashika sepeto, akachimba mpaka jua likazama. Mdahalo ule nilishinda waziwazi. Kosa langu ni kwamba maji hayakuhudhuria. Leo, mvua ikinyesha sana, bwawa hujaa hadi kifundo cha mguu wa kuku, kisha hufikiri upya. Lakini mama watoto amepanda maboga ndani yake, na maboga yale hayana mfano katika eneo zima. Kwa nini hakuna anayesema kwamba mimi ndiye mwanzilishi wa mradi wa maboga?

4. Kuhusu nyuki sina la kusema, na naomba kikao nacho kisiwe nalo.

5. Sasa nafika kwa Kisirani, ambaye ndiye kiini.

Shangazi, ng'ombe huyu ananidharau. Mama yake alipokufa, mama watoto alimlea kwa chupa, akimbembeleza kwa wimbo usio na maneno, na tangu hapo amejiona mtoto wa kwanza wa nyumba hii. Mama watoto akikaribia na ndoo, Kisirani hutulia kama bibi harusi, na maziwa hushuka. Nikikaribia mimi huyazuia. Nimejaribu kumweleza umuhimu wa ushirikiano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaipiga ndoo teke ikavuka uzio. Alikula tai yangu ya mahafali ikiwa bado kwenye kamba ya nguo. Nilimwita bwana mifugo amchunguze. Alimpapasa, akamsikiliza tumbo, akasema, "Ng'ombe mzima kabisa huyu. Wewe ukiwa humu, Mwalimu, jaribu kunyamaza."

Pendekezo langu, ambalo azimio lenu limelinyima kikao, ni kwamba Kisirani abadilishwe na bata mzinga wa jirani wa bondeni. Jirani yuko tayari wakati wowote. Naomba niwe mkweli kuhusu sababu. Nilipokwenda kumsalimu jirani huyo, nilisema neno la kawaida kuhusu mvua, na bata mzinga wote wakaitikia kwa pamoja. Nikasema sentensi ya pili, ndefu zaidi. Wakaitikia tena, kwa sauti ya juu zaidi, vifua mbele. Hawakupiga miayo. Hakuna aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni. Shangazi, nimesimama mbele ya watu kwa miaka mingi, na sijawahi kupata hadhira ya namna ile.

Mtauliza, na maziwa je? Nimelifikiria hilo. Chai isiyo na maziwa huonyesha rangi yake halisi, nao watoto wanapaswa kuzoea ukweli wakiwa wadogo. Pasipo maziwa, mama watoto hatalazimika kuamka alfajiri kukamua. Asipoamka alfajiri, hatachoka jioni. Asipochoka jioni, hatasinzia ninapozungumza. Shamba la majani ya ng'ombe litabaki tupu, na hapo tutaweka mabenchi. Banda, ambalo shemeji analiezeka hivi sasa kwa mabati mazuri, litafaa sana kuwa ukumbi. Familia itaketi, bata mzinga watazunguka, nami nitasema. Naomba kikao kinionyeshe mahali ambapo mantiki hii inachechemea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hao hawakuwahi kupigwa teke na mbacha.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo: azimio lifutwe, nipewe nafasi ya kusema Jumamosi, pamoja na kigoda cha kusimamia, mabadilishano ya Kisirani na bata mzinga yaridhiwe kabla nyasi hazijarefuka, na mama watoto aombwe kwa upole aeleze kikao ni lini hasa maneno ya mumewe yamewahi kumdhuru mtu au mnyama. Nina hakika atakosa mfano. Maneno ni upepo, Shangazi. Ya nini kuufungia upepo mlango?

Nawasalimu wajumbe wote bila ubaguzi: mjomba na kikohozi chake, wakwe, binamu waliopiga kura dhidi yangu, na binamu waliopiga kura dhidi yangu huku wakinitazama kwa huruma. Mama watoto anakusalimu pia. Hajui kama nakuandikia, lakini salamu zake ni za kweli.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, mwenye mdomo uliofungwa na kalamu iliyo huru,

Bwana Hoja

Nyongeza: Shangazi, kabla sijaifunga bahasha nilimwita shemeji ashuke juu ya banda anisaidie kusikiliza kama sentensi zinakaa sawa. Nilimsomea barua yote. Nilimsomea nikiwa nimesimama. Katika namba ya tatu alicheka. Katika namba ya tano alivua kofia. Nilipomaliza aliniambia kwa sauti nzito, "Shemeji, sisi tumechelewa wapi?" Akatoka. Nikadhani amerudi kwenye mabati yake.

Amemfungua Kisirani. Wako barabarani sasa hivi, wanaelekea bondeni kwa jirani. Nilipiga mbio hadi kwenye uzio nikamwita arudi, nikamtolea sababu. Alinijibu akiwa mbali kwamba sababu hizo zimekwisha kujibiwa katika barua, tena vizuri. Mama watoto yuko kisimani. Ndoo ya kukamulia ameiosha, ameifunika juu ya nguzo ya banda, tayari kwa jioni. Nimeingia bandani. Sikuwahi kujua kwamba banda linaweza kuwa kimya hivi. Nilijaribu kusema neno humo ndani, na hakuna aliyenidharau.

Naituma barua hii kwa mkono wa mwenye baiskeli, ambaye atawapita njiani, kwa kuwa Kisirani hakubali kuongozwa na yeyote isipokuwa mama watoto na kila hatua anaifanyia mgomo. Mungu ambariki. Lazima wapite mlangoni kwako. Nakusihi, toka nje, ikamate kamba wewe mwenyewe. Shemeji akianza kujieleza usimjibu, kwani amebeba hoja zangu zote na hana hata moja yake. Sema tu, "Rudi." Neno moja. Nimekuja kutambua kwamba linatosha.

Azimio libaki. Na pale panaposema "asisimame kusema," tafadhali kikao kiongeze "wala asiandike." Ningemfuata shemeji mwenyewe, miguu ninayo, lakini najijua: nikimfikia, nitazungumza.