Uzinduzi wa Pwani ya Rejaf

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri, waheshimiwa wakurugenzi, manaibu wakurugenzi na makaimu wa manaibu wakurugenzi, machifu wa kando ya mto, Baba Paroko, ndugu zetu wa Uganda mnaotulisha, na ndugu zetu Wasomali mnaotuuzia kila kitu kingine, mkiongozwa na Mzee Gedi, mwenye hema hili, viti hivi na kipaza sauti hiki, akina mama, akina baba, vijana, pamoja na wale ng'ombe ambao naomba waondolewe mbele ya bango, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemsahau basi ajihesabu ametajwa wa kwanza. (Makofi. Ng'ombe hawaondoki.)

Kwa wasionijua, na sidhani kama wapo, mimi ndimi Dokta Cyril Loro, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Matembezi Marefu na Fukwe, Mwenyekiti wa Kamati yake ya Uendeshaji na, kwa muda, Katibu wa kamati hiyohiyo, kwa hiyo vikao vyetu havicheleweshwi na mtu. Nitasema Kiswahili, kwanza kwa sababu tangu mwezi wa nne nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na pili kwa sababu nilikisoma Nairobi miaka kumi na moja, kikanikaa mwilini vizuri kama suti hii mnayoiona. (Makofi ya wastani.)

Ndugu wananchi, wazo hili nililipata Mombasa, kwenye semina ya siku tisa. Asubuhi moja nikasimama dirishani, nikaona wageni wanatembea kwa miguu mchangani, mizigo mgongoni, jua likiwachoma mpaka shingo zimekuwa nyekundu, na nilipouliza wanakimbia nini, nikaambiwa wako likizo, watatembea hivyo siku kumi na mbili, wameyaomba wenyewe! (Mshangao.) Hapo nikajiuliza kwa uchungu wa kizalendo: wenzetu wa Jumuiya wana pwani, hata Uganda wamejifanyia pwani kwenye ziwa, je, sisi tuliopata uhuru wetu miaka mitano iliyopita tutakaa bila pwani mpaka lini? Maji tunayo! Mchanga tunao! Mto una kando, na kando ya maji kwa lugha ya kitaalamu inaitwa nini? (Sauti: "Matope!") Inaitwa pwani.

Ndiyo maana leo nazindua Mradi Jumuishi na Shirikishi wa Njia ya Matembezi Marefu ya Pwani ya Rejaf hadi Nimule, kilomita mia moja na sabini na tatu nukta nne, mradi uliopitia upembuzi yakinifu, upembuzi wa huo upembuzi, mchakato, mkakati, rodimapu na mastaplani, na ambao utagusa mnyororo mzima wa thamani kuanzia soli ya kiatu cha mtalii hadi kofia yake. Na ili msiseme viongozi wenu ni watu wa maneno, mimi mwenyewe nimetembea hatua ishirini na mbili kutoka kwenye gari langu hadi jukwaani, bila kusaidiwa. (Makofi. Msaidizi wa Mkurugenzi, Bwana Marino, anapiga picha.)

Pwani hii ni ya kihistoria. Hapa walipita wamisionari, wakajenga kanisa; wakapita askari wa wafalme wa mbali, wakapigana, wakaondoka; zikapita meli za moshi. Lakini zaidi ya historia, pwani hii haijaharibiwa! Haina barabara, haina taa, haina bomba, haina choo. Nchi nyingine zinatumia mabilioni kulinda mandhari, lakini sisi kama serikali tumeilinda kwa kutoigusa kabisa, na naahidi mbele yenu kwamba tutaendelea hivyo. (Kicheko kirefu. Mkurugenzi anapunga mkono.)

Sasa takwimu. Uchunguzi wetu umebaini kwamba hakuna taifa katika kanda nzima lenye uzoefu wa matembezi marefu kama letu. Wananchi wetu asilimia themanini na sita nukta tano wamewahi kutembea zaidi ya kilomita mia mbili kwa mfululizo, wengi usiku, wengine na mbuzi, bila kampuni ya utalii, bila ramani, bila hata tangazo moja redioni! Hii ni rasilimali watu, ndugu zangu! Ni sekta iliyokuwa imelala!

(Mama mmoja wa makamo, Mama Abuk, muuza mboga, anasimama bila kuitwa: "Mheshimiwa, mimi nilitembea kutoka Bor mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mtoto mgongoni. Sasa huyu kawaja wenu, huyu mzungu, anafukuzwa na nani?")

Asante, mama, swali la kitaalamu. Hafukuzwi na mtu.

("Bila kufukuzwa?")

Bila kufukuzwa.

("Na kwao kuna chakula?")

Kipo, mama. Kingi.

("Mm. Basi huyo ni mgonjwa. Apelekwe kwao." Kicheko; wengine wanajipiga mapaja. Mama Abuk anakaa bila kucheka.)

Mama yetu ametukumbusha umuhimu wa huduma ya afya njiani, nashukuru, Marino andika. Na usalama, ambao najua mnauliza kimoyomoyo, umezingatiwa. Vita vimekwisha kabisa. Aliyeniambia ni mtu anayehusika. Tutapokea kundi la kwanza mwezi ujao, Julai, mwezi ambao wataalamu wetu wameuchagua makusudi kwa sababu ya utulivu wake. Kila baada ya mwendo mfupi mtalii atasimamishwa na vijana wetu wenye sare, ataulizwa jina, ataulizwa karatasi, ataulizwa ana nini kwenye mkoba, na hivyo hatapata upweke hata mara moja. Pia ataombwa asitoke nje ya mawe yaliyopakwa rangi nyeupe na wategua mabomu, si kwa ajili ya sheria, bali kwa ajili ya miguu yake. (Wazee wanaitikia kwa vichwa.)

Ajira! Tutaajiri waongozaji mia nne, wabeba mizigo elfu moja na mia mbili, na mtaalamu mmoja wa machweo. Na mahali hapa nilipo, hapahapa, patakuwa Lango Kuu, Kilomita Sifuri, lenye chemchemi, bendera, na sanamu ya mtu anayetembea, ambaye wachongaji wamesisitiza sura yake ifanane na ya Mkurugenzi.

(Bi Cissy, Mganda mwenye mkahawa wa samaki ulio nyuma ya jukwaa, ananyoosha mkono wenye mwiko: "Mheshimiwa, mimi iko na swali. Hapa ndio nyumba yangu. Nyinyi naweka alama nyekundu kwa ukuta, sasa ni wiki mbili sijalala. Mimi najenga hii nyumba na mikono yangu, miaka ine. Nabomoa lini? Niambie tu, nihamishe sufuria.")

Bi Cissy, tulia. Maendeleo yana maumivu. Mkahawa wako, ambao mimi binafsi nimeula, yaani nimekula ndani yake, mara nyingi, yule sangara wako wa kukaanga anajulikana hadi mtaa wa Thongpiny, utapata heshima ya kuwa jengo la kwanza katika historia ya taifa hili kupisha utalii wa miguu.

("Heshima napika? Watoto wangu nakula heshima?" Minong'ono. Sauti kadhaa: "Mjibu!")

Atajibiwa! Kila kitu kina mahali pake katika hotuba, na sasa tumefika kwenye kaulimbiu. Nikisema Pwani yetu, mseme Miguu yetu! Pwani yetu! (Sauti chache: "Miguu yetu.") Pwani yetu! (Sauti moja: "Samaki wetu!" Shangwe kubwa.) Tembea ujue! Tembea ujenge taifa! Mwendo ni uhuru! (Mama Abuk: "Kukaa ndio uhuru." Makofi yasiyokoma. Mkurugenzi anasubiri.)

Mwisho, kwa kuwa asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru, niwashukuru waliotufikisha hapa. Nawashukuru wafadhili wetu wa nje, ambao barua yetu kwao bado iko mezani kwangu ikisubiri mhuri. Nawashukuru wapima ardhi, ambao watashukuru zaidi siku tutakapowaajiri. Nalishukuru jopo la upembuzi yakinifu, yaani mimi. Namshukuru mchora ramani, aliyeona si vyema kusumbua watu wa Rejaf kwa kuja huku, akatuchukulia pwani nzuri kutoka kalenda ya kisiwa cha watu, ndiyo hii mnayoiona kwenye bango, yenye minazi. Na namshukuru sana msaidizi wangu Marino, ambaye tulipohitaji picha ya kuonyesha wakubwa kwamba kazi imeanza, alichukua kopo la rangi iliyobaki ofisini akapaka alama ukuta wa kwanza aliouona wenye kivuli.

(Bi Cissy: "Subiri. Ukuta wa kwanza… na kivuli?")

Na mwanga mzuri wa picha, ndiyo.

("Kwa hiyo hakuna njia?")

Njia ipo, katika hatua ya kufikiriwa.

("Na hiyo ramani, nyumba yangu iko ndani?")

Kwenye ramani ile, Bi Cissy, mahali pako pana bahari.

("Hakuna mtu nakuja kubomoa?")

Kwa mujibu wa mastaplani, hakuna mtu anayekuja kufanya chochote.

(Vigelegele. Bi Cissy anampa Mzee Gedi mwiko amshikie, anaingia ndani mbio, anatoka na ndoo na brashi, anaanza kuusugua ukuta. Mama Abuk anajifunga kanga kiunoni, anakwenda kumsaidia. Wanawake wanaimba, wanaume wanarusha kofia, Baba Paroko anacheza. Alama nyekundu inachuruzika hadi chini, ukuta unabaki mweupe.)

Ndugu wananchi… ndugu wananchi, nimeguswa. Nimezindua hospitali mbili, daraja moja na uwanja wa michezo, na popote pale, walipofahamu mradi ulipofikia, wananchi waliondoka wakiwa wamenuna. Ninyi ndio wa kwanza kuuelewa mpango wa serikali mkaufurahia hivi, kutoka moyoni! Marino, andika: umepokelewa kwa vigelegele. Asanteni sana, na Mungu aibariki pwani yetu!