Sungura Mateka wa Kanyenye

Jumatatu, 23 Juni 2025

Hili sijamwambia mtu, hata bibi ninayelala naye chumba kimoja. Siwezi kusoma kwa sauti mbele ya watu. Si aibu ya kawaida. Sauti inahama kabisa. Shuleni nilipopewa risala niisome, niliishia kumshikia mwalimu maikrofoni.

Na leo nimeandika jina langu kwenye karatasi ya msomaji wa Siku ya Hadithi. Jumamosi hii, maktaba yetu ya Kanyenye, watoto wote wa likizo na wazazi wao. Sababu ninayo. Levina alikuwa nyuma yangu, ameshatoa kalamu.

Levina na mimi tumemaliza kidato cha sita mwezi uliopita. Tunajitolea hapa wakati tukisubiri matokeo. Bi Pazi, mkutubi, atabakiza mmoja wetu mpaka vyuo vifunguliwe. Nataka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Maktaba ni mahali pekee ambapo ukimya wangu unaitwa adabu. Kwingine wananiuliza kama naumwa.

Jumanne, 24 Juni

Mpango wa kwanza: koo. Nimejifunga mtandio shingoni na kukohoa tangu asubuhi.

Bi Pazi akauliza ni Mnyamwezi gani huyu anashindwa na kikohozi, wakati babu zake walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani huku wanaimba. Yeye ni Mzaramo. Sisi ni watani wake tangu enzi za misafara, kwa hiyo ana haki ya kusema lolote. Akanichemshia tangawizi kali mpaka machozi yakanitoka.

Levina akasema kwa upole kwamba nisijitese, yeye yuko tayari kusoma.

Koo likapona palepale.

Jumatano, 25 Juni

Jioni tulikuwa tunamenya viazi vya kukausha michembe. Bibi akasimulia jinsi alivyochukua viatu vya Mzaramo mmoja msibani. Yule bwana alitembea peku mpaka alipoleta kuku wa kuvikomboa. Hakununa. Nani anamnunia mtani?

Nikaacha kisu.

Hadithi ya Jumamosi ni ya sungura aliyepanda treni ya mizigo. Kitabu kipo kimoja tu. Nikikichukua mimi, mtani, si wizi, ni mila. Bila kitabu, hakuna kusoma. Mimi siaibiki, Levina hang'ari, Bi Pazi hakasiriki. Sijawahi kufikiri vizuri namna hii, hata kwenye mtihani wa taifa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemchukua sungura. Yuko ndani ya kanga ya bibi, chini ya gunia la viazi. Pale kwenye rafu nikaacha kipande cha michembe, ili ijulikane ni watani na watoto wasisingiziwe.

Nilitegemea Bi Pazi ahuzunike kidogo. Akacheka mpaka akashika meza. Levina, ambaye kwao ni Ulyankulu, kwa watu waliotoka Burundi, na hahusiki na utani huu, alisema wizi ni wizi. Bi Pazi akamwambia anyamaze, haya ni mambo ya wakubwa. Kisha akatangaza, akiniangalia mimi, kwamba mateka atakombolewa Jumamosi mbele ya watu wote, na aliyemchukua atasimama ataje fidia yake kwa mdomo wake mwenyewe, na matusi ya utani juu.

Sehemu hiyo hakuna aliyeniambia.

Nyumbani nikamuuliza bibi, kama natania, iwapo ni lazima kusimama. Akanishangaa. Akasema kumchukulia mtani kitu halafu ukakaa kimya, huo ndio unaitwa wizi.

Kwa hiyo sasa sitasoma tu. Nitatukana pia!

Ijumaa, 27 Juni

Nilikwenda mapema kumrudisha sungura. Bi Pazi alikuwa mlangoni. Akakataa kumpokea. Kurudishiwa mateka bila fidia ni dharau, alisema, nami nimrudishe gerezani kwake. Nazi za fidia ameshaziandaa, zile alizoletewa na treni kutoka kwao, ambazo hata harufu yake hatujawahi kupewa.

Levina ameniangalia siku nzima kama anayemwangalia mtu anayesubiri kufanyiwa upasuaji.

Nimeomba mvua. Mwezi wa sita, Tabora.

Jumamosi, 28 Juni

Viti vilijaa. Waliokosa walisimama madirishani.

Bi Pazi alisema Mnyamwezi akikosa mzigo kichwani shingo humwasha, ndiyo maana huyu wangu kaona abebe hata sungura. Watu wakaangua kicheko. Akaniita. Nikasimama, kitabu kifuani. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Bibi. Alisema Mzaramo hasikii neno bila ngoma, mtafutieni kwanza debe tulipige, ndipo mjukuu wake aongee. Akapita katikati ya watu, akaninyang'anya kitabu. Nazi akasema hazitoshi, anataka na kanga aliyovaa Bi Pazi. Bi Pazi akasema kanga hiyo bibi ataijulia wapi, amezoea magunia. Bibi akasema afadhali gunia lake, lina viazi ndani, kuliko watu wanaouza shamba wanunue ngoma. Mtoto mmoja alicheka mpaka akaanguka kutoka kitini.

Mimi nilikaa chini polepole. Hakuna aliyeona.

Sungura alipokombolewa, Bi Pazi alimpa Levina kitabu. Alisoma vizuri. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Mimi nilifunua kurasa na kuwaonyesha watoto picha, na walipopiga kelele niliwaangalia tu, wakatulia.

Baadaye Bi Pazi aliniambia msomaji alikuwa Levina tangu Jumatatu. Aliniona nikikosea herufi za jina langu mwenyewe, akalikata nilipotoka. Alikuwa anangoja nimwambie tu. Na nafasi ya kubaki ni yangu. Levina hakuwahi kuitaka. Kesho anakwenda Nzega kwa shangazi yake kuuza dukani. Alimwambia kila mtu aliyemuuliza. Mimi sikumuuliza.

Nimekula wali wa nazi sahani mbili. Nimelala mchana kama mtoto aliyeogeshwa.

Jumatatu, 30 Juni

Siku yangu ya kwanza bila mpinzani. Amani tupu. Bi Pazi amesisitiza kwamba nikiogopa kitu, nimwambie. Nikaitikia.

Saa nne akabandika karatasi. Mwezi ujao wakutubi wenzake wanakuja kwa treni kutoka pwani, anatafutwa wa kutoa hotuba ya kuwakaribisha. Nilikuwa naipita tu. Lakini Irankunda, msichana mpya anayejitolea, alikuwa nyuma yangu, na kalamu yake haikuwa na kifuniko.

Nimeandika jina langu.

Sina wasiwasi. Hotuba itatolewa nje uwanjani, kwenye kokoto, na wageni wataanzia ndani, kwenye mkeka wa watoto, ambako kila mtu huvua viatu mlangoni. Wengi wao ni Wazaramo. Bila viatu hawatoki, na wasipotoka hakuna hotuba. Gunia ninalo.

Wewe nakuamini, usimwambie mtu. Hasa bibi. Atataka kuchagua jozi yake kwanza.